Kassim aliingia uwanjani barabara ya Kajaga ilipofungwa

Wakuu, salamu popote mlipo. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata panaponiaibisha.

Kosa langu la kwanza nikiwa coach: niliamini watu watano wanatosha.

Ilikuwa Bujumbura, miaka ya vita. Coach wa club yetu alikimbilia nje ya nchi, nikaachiwa timu ya mpira wa kikapu ya daraja la juu nikiwa bado kijana. Ukocha nilijifundisha mwenyewe, kwa kutazama tu. Nilikuwa nacheza mechi kichwani kabla haijachezwa, na kichwani hakuna aliyekosea pasi.

Kwa hiyo starters wangu hawakutoka. Bench ilipiga makofi.

Kassim alikuwa wa bench. Kwao wana duka la vitambaa mtaa wa Asiatique, na mazoezini hakosi. Kila mechi anakaza kamba za viatu, ananitazama.

Mimi natazama ziwa lililo kando ya uwanja.

Msinicheke. Ziwa lile jioni linakusahaulisha. Milima ya Congo ng'ambo inakuwa kama moshi, na mpira ukirushwa juu unaona kama hautashuka tena.

Ikaja nusu fainali.

Starters wangu wawili waliishi Kajaga, nje ya mji, na barabara ya huko wanajeshi waliifunga mapema kila jioni. Nililijua hilo. Mji mzima ulipanga maisha yake kwa barabara. Mimi nilipanga kana kwamba mechi iko nje ya vita.

Robo ya mwisho, tunaongoza. Mlipuko ukasikika mbali, kaskazini. Hakuna aliyekimbia, tulishazoea. Lakini dereva wa gari la Kajaga akaja mpaka kwenye mstari.

"Ba Kajaga, tuende! Barrière ya barabarani inafungwa sasa hivi!"

Wale wawili wakaondoka na jezi mwilini. Nikaingiza mmoja wa bench, kisha nikamgeukia wa pili.

"Kassim, ingia."

"Wallahi, leo umekumbuka jina yangu, coach!"

Bench ikacheka. Akaingia, mwili baridi. Shuti la kwanza halikugusa hata ring. La pili hivyo hivyo. Nikamwona anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Tukafungwa kwa kikapu kimoja. Fainali ikatuponyoka.

Nikamfuata kumpa pole. Akanijibu taratibu:

"Apana, coach. We unanipa mechi barabara ikishafungwa. Unipe ikiwa wazi."



Nilichojifunza: mtu hawi tayari kwa kukaa. Mliofundisha timu, nyinyi mnagawaje dakika? Nisahihisheni, sitanuna.

Tangu msimu uliofuata, kila mchezaji wangu anaingia kabla ya mapumziko, hata tukiwa nyuma. Bado nachungulia ubao wa pointi wakiingia. Lakini wanaingia.