Mshenga Asiyesomea Karatasi

"Mshenga anayesomea karatasi si mshenga, ni karani," alisema Hakim kwenye ukumbi wa harusi pale Vällingby, Sweden, kipaza sauti mkononi, watu wamejaa na pilau iko njiani. "Mimi nafungua mdomo tu. Maneno yenyewe yanajua njia."

Ukumbi ukapiga makofi. Mkewe Mwatumu hakupiga. Njia ya maneno hayo ilikuwa ikipitia kwake.

Hakim ni mzaliwa wa Masaka, alikuja Sweden angali kijana, na maisha yake ameyamalizia kwenye usukani wa basi kule Hässelby. Kiganda anacho, Kiswidi anacho, ila Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi mezani. Ukimwacha peke yake mbele ya wazee wa pwani, atasema "tumekuja kuchukua msichana," kama mtu aliyefuata kifurushi posta. Mwatumu ni wa Tanga, Chumbageni, kalelewa na bibi aliyekuwa akimkaripia hata paka kwa methali. Kwa hiyo ndoa ikajipangia utaratibu. Kila penye posa, Hakim huvaa kofia iliyoshuka kidogo upande wa kulia, chini yake kisikizio kisicho na waya, na Mwatumu, kajificha chumba cha pili, humpulizia maneno. Mmoja anatunga, mwingine anasifiwa. Ndoa ngapi zimesimama kwa mtindo huo huo.

Safari hii aliyekuwa akiposa ni Umar, mtoto wa dada yake Hakim, kijana wa kuzaliwa hapahapa. Kampenda Ruqaya, ambaye wazee wake wako Tanga chini ya baba yake mkubwa, Mzee Mwinjuma. Wazee hawakuona sababu ya kupanda ndege kuja kusikiliza maneno. Wakasema wataisikiliza posa kwenye kioo cha laptop. Umar hakula vizuri wiki nzima. Wazee walewale walikwishamkataa kijana mmoja kabla yake kwa kuwa mshenga wake aliuliza mahari kabla ya kuuliza hali.

"Mjomba," alisema Umar, "ukiteleza neno moja, mimi basi tena."

"Umeniona nikiteleza lini?"

Jikoni, Mwatumu akakohoa.

Mpango ulikuwa mwepesi: wazee waingie kwenye laptop, Mwatumu naye aingie kwenye laptop hiyohiyo kwa kupiga kutoka simu yake, na sauti zote ziishie sikioni mwa Hakim. Asubuhi ya siku yenyewe laptop ikaomba ruhusa ya kusasisha mfumo. Mtu mwenye siku kubwa mbele yake angejibu "baadaye". Hakim, asiyependa kuachwa nyuma na wakati, akabonyeza "sasa". Laptop ikazunguka, ikajizima, ikajiwasha, ikampongeza kwa mambo mapya aliyoyapata. Bluetooth haikuwa miongoni mwake. Wala haikuwa imezimwa, maana hilo lingekuwa nafuu. Swichi yenyewe ilikuwa imehama.

Akaizima laptop, akaiwasha. Akavitoa visikizio kwenye kijisanduku chake, akavirudisha, akavipuliza kama anayepoza uji. Akaiamuru laptop ijitafutie hitilafu. Ikatafuta kwa bidii, ikajibu kwamba haikuona tatizo lolote kwenye bluetooth, jambo la kweli kabisa, kwa sababu hata bluetooth yenyewe haikuiona. Mtandaoni akasoma kwamba kile kiprogramu kinachoiendesha bluetooth kimeharibiwa na sasisho, na dawa ni kukipakua upya. Akakipakua. Kikafika katikati, kikakaa chini kupumzika.

Mwatumu akamshauri waseme kweli, akae pembeni yake wazungumze wote wawili. Hakim akamuuliza watu watasemaje. Basi, akasema Mwatumu, aviunganishe hivyo vidude na simu, ampigie kwa video ili aone uso wake pale anapokwama. Hakim akasema alikuwa njiani kufika hapohapo.

Simu ikaegemezwa kando ya laptop, mahali wazee wasipoweza kuiona, na posa ikaanza. Ilikwenda kama maji. Hakim akaulizia hali, mvua za Tanga, mgonjwa wa nyumba ya pili. Mzee Mwinjuma akaanza kutikisa kichwa kwa raha. Umar akarudiwa na rangi yake. Likabaki neno lenyewe la kuomba.

Hapo ndipo laptop ilipokumbuka wajibu wake. Kiprogramu kikamaliza mapumziko, bluetooth ikafufuka, na visikizio vikamtambua bwana wao wa zamani, vikaihama simu bila kuaga, ingawa sauti ya wazee iliendelea kutoka kwenye spika ya laptop. Simu, kwa kukosa sikio la kunong'oneza, ikasema kwa spika yake:

"Sema, hatukuja kuchukua, tumekuja kuomba. Tukinyimwa, tutarudi na adabu ileile. Na acha kukuna pua, Hakim."

Umar akafumba macho. Hakim, mazoea yana taabu, akafungua mdomo: "Hatukuja kuchukua, tumekuja..."

"Tumesikia," akamkata Mzee Mwinjuma. "Ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Huyo ni nani?"

"Mke wangu, mzee."

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Chumbageni, baba," ikajibu simu.

"Nilijua. Sasa msemaji anafichwa chumbani kama mtoto mwenye surua? Njoo ukae mbele. Bwana mshenga, sogea, utamzibia."

Mwatumu akatoka, kanga kichwani, mikono inanukia iliki. Akaomba upya tangu mwanzo, bila karatasi, na wazee wakaacha kunong'onezana. Kazi ya Hakim ikawa kuishika laptop isiegemee upande.

Jibu lilikuja baada ya wazee kushauriana: Umar amekubaliwa, kwa sharti kwamba siku ya mahari aje kusema yuleyule aliyesema. Hakim amekuwa akiwaeleza madereva wenzake kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo, mke naye apate nafasi.

Umar hana choyo. Zawadi ya mshenga, doti mbili za kanga na chupa ya manukato, akampelekea Mwatumu. Mjomba naye hakusahauliwa: Umar akamletea kipakiti kidogo kutoka dukani Vällingby, ndani yake visikizio vya waya. Kibandiko cha bei hakikuwa kimebanduliwa. Kroni tisini na tisa.