Alexis Katongo na Vyura wa Golf

Alexis Katongo hamwamini mtu, na usidhani ni ubaya, amerithi. Baba yake alikuwa mtu wa reli, alitoka Kabalo kuja Lubumbashi na sanduku moja na kufuli mbili. Mwanawe akinunua makaa hutia mkono mpaka chini ya mfuko kuona kama hajawekewa mawe. Padri akihubiri juu ya wizi, yeye hugeuka kutazama ni nani aliyeinamisha kichwa.

Mtu wa namna hiyo ndiye Bwana Lucien aliyempa funguo za vyura wake. Lucien ana villa mtaa wa Golf, na nyuma ya villa, pale ambapo majirani wake wana bwawa la kuogelea, yeye amejenga matangi ya saruji. Ndani yake kuna vyura wakubwa walioletwa kwa ndege kutoka Bara Hindi, wazaane, wanenepe, wauzwe kwa mahoteli. Kazi ya Alexis ni kuwalisha, kuwabadilishia maji na kufunga mlango.

Aliwachunguza wale vyura kama askari wa mpakani anavyochunguza sura za wasafiri. Kichwa kipana, macho yamekaa juu kabisa. Vidole vya miguu ya nyuma vimeunganishwa kwa ngozi karibu mpaka nchani. Mgongoni wana mikunjo mirefu ya ngozi, imelala kama matuta ya viazi vitamu. Na ukimfungua mdomo, kwenye taya la chini utaona vijino viwili. Si meno hasa, ni mfupa uliochongoka, lakini Alexis ana kovu la kidole na haoni tofauti. Mvua za kwanza zilipoanza, baadhi yao waligeuka manjano kama limau, na mifuko ya buluu ikawatokeza kooni. Alexis alimpigia simu mbio Lucien, patron wake, akidhani vyura wameibwa na kuwekwa wengine.

"Patron, banabadilisha bachula yetu!"

Lucien alicheka mpaka akakohoa. Hayo ni madume tu, alimwambia, mvua ikinyesha yanajipamba kwa ajili ya majike.

Tangu siku ile Alexis alijiona bingwa wa kuwajua viumbe kwa kuwatazama. Patron alikuwa ametenga vyura wadogo na wakubwa, kila kundi na tangi lake. Alexis aliona huko ni kujitafutia uchovu. Mikunjo ni ile ile, vijino ni vile vile, ukoo ni mmoja. Akawamwaga wote katika tangi moja. Ndugu wakikaa na ndugu, kuna ubaya gani?

Kisha vyura wakaanza kupungua.

Aliyeingia pale zaidi yake ni mmoja tu, Dieumerci Mbuyi, fundi wa pampu za maji. Na huyo Dieumerci ndiye aliyekuwa akimchumbia Léa, binti pekee wa Alexis. Kijana mpole, mchapakazi, mwimbaji wa kwaya. Lakini ukoo wake ni watu wa Kasai, wanaohesabiwa wageni mjini, wenye duka la vitambaa, na kwa Alexis hilo lilikuwa tayari nusu ya ushahidi. Kwamba baba yake Dieumerci alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, hilo halikumsaidia kitu.

"Bale bantu banakuchekeaka," alizoea kumwambia Léa, "kesho nyumba ni yabo."

"Papa, sasa akiwa na kasirani ndiyo utamupenda?" Léa alimjibu siku moja, na Alexis akaona hata mtoto amekwisha kuharibiwa.

Basi akawa anamvizia kijana wa watu. Akija na begi la vyombo vya kazi, Alexis analipima kwa macho, na likitoka analipima tena. Akiondoka anapiga mluzi, Alexis anajiuliza mtu asiye na siri anapigia nini mluzi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, wala hakufikiria nguo nyingine yoyote ila ya Dieumerci.

Ndipo siku moja, katika soko la mtaa wa Kenya, hapo hapo Lubumbashi, akamkuta mama anauza vyura hai. Akamshika mmoja, akamfungua mdomo. Vijino viwili! Akatazama miguu: ngozi mpaka nchani! Moyo ulimruka kwa furaha, na ni aibu kuisema furaha ile. Ni kweli mgongo wa chura huyu ulikuwa na vipele, hauna mikunjo, na nyuma ya macho ulipita mstari mweupe ambao Alexis hakuwahi kuuona kule Golf. Aliyaona yote hayo, akayaruka. Maji ya hapa yamemharibu ngozi, alijijibu, akamnunua.

Siku ya kujitambulisha ilipofika, akina Mbuyi walikuja wamevaa vitenge vya sare, na kreti za vinywaji mbele yao. Msemaji wao alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza ua zuri waliloliona katika nyumba hii, Alexis akainua mkono. Akaleta ndoo iliyofunikwa kitambaa, akaiweka katikati ya sebule.

"Mbele ya ile maua, muangalie kwanza hii ndoo. Uyu chula ni ya patron wangu. Mutoto yenu njo anaiba, banauzisha ku soko."

Akafunua. Chura akaruka, akatua juu ya kreti ya bia. Hakuna aliyecheka. Mama Kapinga, mama yake Dieumerci, alisimama polepole, akielekeza mkono kwa babu na bibi wa kijana.

"Papa Léa, unaita mutoto yangu mwivi, mbele ya bankambo yake?"

"Haiko miye, mama. Chula njo inasema."

Wakaondoka, tena wakabeba kreti zao. Vinywaji vya uchumba vikitoka nyumbani havijafunguliwa, barabara nzima inaelewa, na majirani walisimama milangoni kuelewa vizuri. Léa alijifungia chumbani.

Alexis akampelekea patron ushahidi wake, akingoja kusifiwa. Lucien alimgeuza chura mara moja tu.

"Alexis! Uyu ni chula ya huku kwetu, ya ku mutoni Kafubu. Angalia mustari ku kichwa. Yetu iko na mustari? Beko famille moja, ukoo moja, kweli, bote banaitwa Hoplobatrachus, njo maana meno inafanana. Bengine bote beko Asie, uyu peke yake njo iko Afrique. Lakini haiko uyu tunatafuta."

"Sasa yetu beko wapi, patron?"

Walikwenda kwenye tangi, wakainua kifuniko. Pembeni alikaa chura mmoja mkubwa, ametulia kabisa, na mdomoni mwake ilining'inia miguu miwili midogo, bado inapiga teke. Lucien aliuliza ni nani aliyewachanganya. Alexis alitazama viatu vyake.

Jumapili alimchukua Léa na kuku mweupe, kama inavyompasa mwenye kosa, wakaenda kwa akina Mbuyi. Walikaa upande mmoja wa sebule, wenyeji upande wa pili, Dieumerci kati ya wazee wake. Alexis alieleza yote, hata ya tangi, akaomba msamaha. Alisema vizuri, si haba.

Mama Kapinga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Papa Léa, kama ile bachula haikukulana, ungekuya hapa leo?"

Alexis aliligeuza swali akitafuta mtego uliofichwa ndani. Haukuwamo. Kila mtu mle alikuwa akimtazama, na Léa zaidi ya wote.

"Hapana, mama," alisema. "Singekuya."

Léa aliinuka. Alikatiza sebule bila haraka, akakaa kando ya Dieumerci, na wazee wa Mbuyi wakasogea kumpa nafasi. Alexis alibaki upande wake, kuku mkononi, na hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea kuku huyo.