Vioo Vinne na Turubai la Alizeti

Nakiri mapema: niligeuza vioo vya pembeni vya gari la baba, nikavielekeza juu, ili nihakikishe kinyozi wa Manyoni amenipiga kiduku sawasawa pande zote. Nikasahau kuvirudisha.

Wiki hiyo baba alikuwa amebandika vioo viwili vidogo vya duara kwenye kona za vile vikubwa, eti vimwonyeshe magari yanayojificha ubavuni. Kijijini kwetu kuna gari lake na trekta la kukodi tu. Hata hivyo alitembea kifua mbele kama rubani.

Nyuma ya gari mama alikuwa ameanika alizeti kwenye turubai. Ndiyo ingekamuliwa iwe mafuta yetu ya mwaka mzima. Baba akawasha gari, akatazama kioo kikubwa, akaona paa la jiko. Mtu mwingine angekirekebisha. Yeye akahamia kwenye kile kidogo, ambacho kwa kubinuka kwake huona mpaka chini, ila huonyesha kila kitu kikiwa kidogo na mbali. Turubai likaonekana kama liko mji mwingine, kule Mkiwa.

"Baba, simama!" nikapiga kelele.

"Unanifundisha kuendesha? Nina vioo vinne!"

Akarudi nyuma taratibu, kwa heshima zote, mpaka katikati ya alizeti. Turubai likachanika, punje zikamwagika mchangani.

Mama akatoka jikoni. Akatazama matairi, kioo, kisha kichwa changu.

"Kwenye kioo ilikuwa mbali," baba akajitetea.

"Basi piga magoti, baba watoto, utaiona karibu. Na wewe mwenye kiduku, lete ungo wake na wako."