Mshipa wa Nne

Mama mmoja na binti yake walitoka Kasansa, wakalala Mpanda kwa ndugu, asubuhi wakawahi foleni nje ya chumba changu cha ultrasaundi. Zamu yao ilipofika jua lilishapinda. Mgongo ulikuwa unaniuma, macho yamechoka kutazama matumbo ya watu kwenye kile kioo cha mashine.

Binti alipanda kitandani. Mama ndiye aliyeeleza. Binti aliugua tumbo, akapimwa mahali pengine, wakaambiwa ini lake lina mshipa uliozidi. Hawakufafanuliwa zaidi. Tumbo lenyewe lilishatulia kwa dawa za vidonda vya tumbo, ila mumewe, mfugaji, aliposikia habari ya mshipa alimrudisha kwao mpaka apone. Majirani nao wakaanza kunong'ona kwamba karogwa.

Nilimpaka jeli nikaanza kutafuta. Kwa kawaida mishipa mikubwa mitatu hutoa damu kwenye ini na kuipeleka kwenye mshipa mkuu unaopanda moyoni. Yake yote mitatu ilikuwepo. Chini yake, upande wa kulia, nikauona wa nne, umeshika njia yake hadi kwenye mshipa mkuu. Ini halikuwa na uvimbe wala kovu.

"Ni kweli upo," nikasema. "Lakini si ugonjwa. Watu wengi tu wanao, hawajui. Amezaliwa nao."

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemzaa hivyo?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Kama mtu anavyozaliwa na mwanya."

Binti akanigeuzia uso kwa mara ya kwanza. "Nimefukuzwa kwangu kwa sababu ya mwanya?"

Mama akatoa simu, akaniomba niongee na mkwewe. Nilitaka kukataa, watu walikuwa bado wananisubiri, lakini nikaipokea. Nikaeleza, nikarudia, nikarudia tena.

"Usinifariji, daktari," mume akasema. "Niambie ukweli."

"Ndio ukweli wenyewe, baba. Mimi ni mpimaji tu, lakini daktari aliyewaandikia kipimo atawaambia hivyohivyo."

Akakata simu bila kuaga. Siku ile nilirudi nyumbani Misunkumilo nikashindwa hata kula.

Wiki kadhaa baadaye yule mume akaja mwenyewe, yuko na mkewe, shati limepigwa pasi. Alikuwa amemsumbua daktari mpaka akaandikiwa kipimo. "Na mimi niangalie," akasema, akajilaza.

Nikamwangalia. "Yako ni mitatu."

"Inatosha?"

"Inatosha, baba."

Akabaki amelala pale, anaitazama dari. Mkewe hakucheka. "Umeridhika sasa?" akamuuliza. Mume akasema ndiyo, kwa sauti ndogo, akaanza kufunga vifungo vya shati akikosea matundu. Mke alimwacha ahangaike kidogo, kisha akasogea akamfungia.

Walipotoka niliketi kwenye kile kitanda, miguu inaning'inia, mpaka mtu akagonga mlango.