Maji ya Moto ya Dada Yangu

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini pale kwetu Mnyambe muulize yeyote mikorosho iliyostawi kuliko yote ni ya nani. Lilikuwa pori tupu, nikalifyeka kwa mikono hii. Nyumba ya tofali za kuchoma nimejenga mwenyewe. Mchana kitanda kilikuwa hakinijui.

Ndiyo maana miguu ilipoanza kuwaka, nilisema ni baridi ya Newala tu. Huku juu ukungu wa asubuhi unaingia mpaka chumbani, na mwenye maumivu hukandwa kwa maji ya moto. Dada yangu mkubwa ndiye fundi wa kukanda. Akachemsha maji na majani, akanikanda mapaja mpaka jasho likanitiririka.

"Vumilia! Si unajiita dume la shamba?" akanicheka.

Niliposimama, miguu haikuwepo. Nilianguka mlangoni, vibarua wangu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa wakinitazama. Macho nayo yakaingia ukungu. Dada akasema baridi imekataa kutoka, tuongeze maji. Tukaongeza.

Daktari wa hospitali ya mbali ndiye aliyeutaja ugonjwa: multipo sklerosisi. Mishipa yangu ya fahamu, akasema, ni kama waya uliochunika plastiki. Ugonjwa wenyewe hauponi, na joto linauzidisha. Vidonge alivyonipa vinapunguza moto wa miguu, haviuzimi.

Njiani kurudi, dada alimuuliza mke wangu, "Kumbe nilikuwa namuua?"

"Wifi, kuni nilikuwa nakuletea mimi."

Sasa naoga maji baridi wenzangu wakiwa wamevaa makoti. Nilichotaka ni kimoja tu, kusimamia msimu wangu mwenyewe. Lakini korosho haisubiri baridi irudi. Inaanguka jua linapochoma.

Msimu huu nimeusikiliza kutoka ndani, kitambaa kibichi shingoni, nyayo zikiungua kama nimekanyaga makaa. Nje wanaanika. Mke wangu akaniletea korosho kiganjani.

"Baba watoto, tufunge magunia?"

Vidole vyangu havikuhisi kitu. "Hebu zitikise hapa sikioni."

Akazitikisa. Kwa hili wilaya nzima hakuna wa kunifikia: korosho iliyokauka inalia kama kokoto, na hizi sauti yake ilikuwa nzito.

"Bado mbichi. Zirudishe juani."

Akatoka, akaufunga mlango haraka joto lisiingie.