Mama Waya na Abiria wa Kilimani

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, gari dogo jeupe linasimama mbele ya geti la bati juu ya kilima. Limefika kimyakimya, hata mbwa wa jirani hajajua. Dereva wake, mwanamke wa miaka hamsini na moja aliyevaa sweta mbili, anatazama dashibodi. Chaji ni asilimia sabini na moja. Kisha anatazama geti. Limefungwa.

"Hii si kawaida," anasema. "Mwalimu huwa ananisubiri hapa nje na mfuko wake. Gari halisikiki, kwa hiyo anatoka mapema asije akanichelewesha."

Anapiga honi mara moja, kwa adabu. Kimya. Anapiga ya pili, na safari hii adabu imepungua.

Hospitalini wanamwita Mama Waya. Jina alipewa na wauguzi, kwa kuwa hawajawahi kumwona bila waya wa kuchajia gari umening'inia begani. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa watatu wa figo kusafishwa damu kwa mashine, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kisha kuwarudisha makwao. Wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka ni Mwalimu, mstaafu wa miaka sabini na minne, maana ndiye anayekaa mbali kuliko wote. Mwalimu akikosa mashine siku moja tu, miguu inavimba na pumzi inakuwa ya kuhesabu. Akizoea kukosa, hakuna asiyejua kitakachofuata.

Mama Waya alianza kwa kumpeleka hospitali dada yake mkubwa, naye mgonjwa wa figo, kwa miaka miwili katika gari bovu la petroli. Njiani wakawa wanawapakia wengine. "Dada akaniacha," anasema. "Wale wengine walikuwa bado wamekaa kiti cha nyuma. Ningewaambia nini? Shukeni, msiba?"

Petroli ilipanda bei, lakini hicho sicho kilichomfanya anunue gari la umeme. Ni harufu. Mgonjwa anayetoka kwenye mashine tumbo limevurugika, akivuta moshi kidogo tu, anatapika. Mama Waya alichoka kuosha zulia la gari. Akauza lile la zamani, akaongeza akiba yake yote, akapata hili, ambalo wengine walikuwa wameshalitumia hadi likazeeka.

Ndugu zake walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja alimuuliza kama mvua ikinyesha halitampiga shoti. Mwingine alitaka kujua, likizima njiani, analisukuma hadi nguzo ya umeme iliyo karibu? Fundi wa mtaani alifungua boneti, akatazama, akaifunga upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu.

Nyumbani waya unapita kwenye dirisha la chumba cha kulala, kwa hiyo dirisha halifungiki. Gari likiwa kwenye chaji, hakuna kupiga pasi wala kuwasha jiko la umeme, la sivyo nyumba nzima inazima. "Mume wangu analala na soksi na kofia," anasema. "Zamani alikuwa analalamika. Siku hizi ananiuliza tu, limejaa?"

Tatizo hasa ni betri. Alipolinunua, likijaa lilikwenda kilomita mia na arobaini. Sasa likijitahidi ni tisini. Ukiwasha hita ya kupasha joto ndani, toa robo. Na hita si anasa. Damu ya mgonjwa imezunguka kwenye mashine saa nne nzima, akitoka anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na mji wenyewe wakati huu wa mwaka ni mvua na baridi ya kung'ata mifupa.

Betri mpya ameshaiulizia. Ni mapato yake ya miezi kumi na minne. "Nisile, nisivae, nisiugue," anaongeza.

Kinachomwokoa ni soketi moja ukutani, nyuma ya chumba cha kufulia nguo hospitalini. Uongozi ulimruhusu. Wagonjwa wakiwa kwenye mashine yao, gari nalo liko kwenye soketi yake, na wote wanamaliza saa sita. Shangazi, abiria wa pili, mama mcheshi aliyekuwa akiuza viatu, huwa anawaaga wauguzi kwa kusema, "Tumejaa, tunaondoka."

Jumanne iliyopita hawakuwa wamejaa.

Mfanyakazi mgeni wa kufulia alihitaji soketi kwa ajili ya pasi. Akachomoa waya wa gari, akapiga pasi mashuka yake, akaenda zake. Hakuwa na ubaya wowote, hakujua tu. Mama Waya alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kiti cha plastiki ukumbini. Aliporudi kwenye gari na wagonjwa wake watatu, dashibodi ilisoma asilimia thelathini na nane.

"Jasho jembamba lilinitoka na baridi yote ile," anakumbuka. "Nikazima hita. Sikuwaambia. Lakini wale wanaijua hiyo namba kuliko mimi. Shangazi akasema, leo tunaenda kwa sala."

Akamshusha Shangazi. Akamshusha Fundi Saa, abiria wa tatu, mtengeneza saa asiyependa maneno, ambaye siku hiyo alivua koti lake akamwekea Mwalimu magotini. Walipofika chini ya kilima, zilibaki asilimia nne. Gari likaanza kutambaa.

Palikuwa na kinyozi. Mama Waya aliingia na waya wake begani, akaomba umeme. Umeme wa pale haukuweza kubeba gari na mashine ya kunyolea kwa pamoja, na kwenye kiti alikaa mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa. Kinyozi alimtazama mteja, akamtazama mzee anayetetemeka ndani ya gari, akachomoa mashine yake. Mteja akalalama, kisha akalala.

Walikaa hapo saa mbili na dakika kumi. Mwalimu alikaa kwenye benchi la wateja amejifunika blanketi mbili, koti la Fundi Saa na kile kitambaa cha kinyozi cha kuzuia nywele. Meno yalikuwa yanagongana. Mtu aliyeingia akauliza kama mzee naye ananyolewa. Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita, alijivutia blanketi hadi kidevuni.

Walipofika getini kwake, alimgeukia Mama Waya. "Mwanangu, kuanzia sasa nitakuja Jumanne na Jumamosi. Mara mbili zinatosha. Gari lako limechoka, mimi nisije nikalimalizia."

"Niligeuza gari nikateremka," anasema Mama Waya. "Usiku ule mume wangu alilala, mimi nikawa nahesabu. Mara tatu, mara mbili. Si gari nililokuwa nahesabu."

Ndiyo maana Alhamisi hii anatazama geti lililofungwa kwa muda mrefu namna ile.

Mkamwana wa Mwalimu anafungua, macho yamevimba. "Anasema leo hatoki, Mama. Tumemsihi wee, tumechoka."

Mwalimu amekaa sebuleni. Amevaa shati la kutokea. Viatu viko miguuni na kamba zimefungwa. Mfuko wake uko chini ya kiti, amejaribu kuusukuma kwa kisigino usionekane.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilishakwambia, mwanangu."

"Uliniambia, nikasikia." Mama Waya anakaa kwenye kiti cha pili, anaweka ufunguo wa gari mezani, anavua sweta moja. "Basi leo tunapumzika wote."

"Wote akina nani?"

"Mimi nawe. Na Shangazi na Fundi Saa."

"Hao wana mashine yao saa moja na nusu!"

"Wanayo. Utawapigia wewe uwaeleze. Mimi nimechoka, Mwalimu. Kweli nimechoka. Lakini gari la kupeleka wawili na kumwacha mmoja sina."

"Huo ni utovu wa adabu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Shangazi amesimama barabarani kwenye baridi saa hii!"

"Amesimama, Mwalimu."

Mkamwana amejiegemeza mlangoni. Mwalimu anatazama ufunguo, anatazama viatu vyake.

"Asilimia ngapi?" anauliza.

"Sabini na moja."

"Na hita?"

"Itawaka."

Mwalimu anapiga hesabu, midomo inacheza. Kisha anauvuta mfuko wake.

Garini anapeleka mkono kwenye kitufe cha hita aizime. Mama Waya anauondoa mkono huo taratibu. "Hita ni yangu, figo ni zako. Kila mtu ashughulike na chake." Wanamkuta Shangazi barabarani, mikono kiunoni, na anayowaambia kwa kuchelewa hayaandikiki gazetini.

Nyuma ya chumba cha kufulia kuna kipande kipya cha boksi kimebandikwa juu ya soketi. Msimamizi wa dobi amekiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: USICHOMOE. KUNA WATU WATATU HUMU. Mama Waya anakisoma, anachomeka waya, anahakikisha taa ya kijani inawaka. Hajaondoka. Anahakikisha tena. Leo hatalala ukumbini, amebeba kiti cha plastiki hadi hapa ukutani.

Akiulizwa ana mpango gani, anacheka bila nguvu. Kinyozi amempa namba yake na kumwahidi nusu saa ya umeme siku yoyote, ila si katikati ya kichwa cha mtu. Akiba ya betri ameianza, bado ni kama haijaanza. "Sitaki gari jipya," anasema. "Nataka siku moja nipande kile kilima hita ikiwaka, nisiitazame ile namba hata mara moja. Niangalie barabara tu, kama madereva wengine."

Saa nane mchana gari linafika tena kwenye geti la bati. Ndani kuna joto. Dashibodi inasoma asilimia thelathini na moja, zinatosha kuteremka hadi nyumbani, kwa shida. Mwalimu anashuka polepole, anashika geti, anageuka.

"Jumamosi piga honi mara moja tu," anasema. "Nitakuwa nje."

Mama Waya anasubiri mpaka geti lifungwe. Kisha anazima hita, anavaa ile sweta ya pili, na kuanza kuteremka.