Glavu Mbili Nyeupe

Siku hizi daktari wa magonjwa ya kurithi, ambaye mimi humpimia watoto uzito, huwaambia wazazi hata kabla hawajakaa: "Baba, mtoto ni wako." Zamani alikuwa akianza na glavu. Ya bluu ni kromosomu ya baba, nyeupe ni ya mama, na sauti yake ni ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Aliigeuza ile nyeupe ndani nje, akailainisha kwa kidole gumba. "Jeni hizi zikitoka kwa mama hulala. Za baba ndizo zinazofanya kazi."

Mchana mmoja alikuja binti asiyejua kushiba, pamoja na wazazi wake. Kwao hata kabati la jikoni lina kufuli. Daktari akalaza mezani glavu mbili nyeupe. "Kwenye jozi hii zote ni za mama, zimelala. Ya baba haipo." Akanyamaza kuvuta pumzi, kama kawaida yake. Loo! Baba akauachia mkono wa binti. "Kumbe miaka yote hii unanilisha matango pori," akamwambia mkewe, kisha huyo, mlangoni.

"Rudi!" Niliruka, sikuwahi kumsikia daktari akipaza sauti. Alikuwa amemwaga boksi zima la glavu. "Zipo jozi ishirini na tatu! Ni moja tu iliyoharibika, kwa bahati mbaya! Kwenye zote zilizobaki, baba, umo! Umo!"

Mwanamume akarudi taratibu, akanyoosha mkono kumshika mwanawe. Mama alikuwa ameshaushika ule mkono mdogo, na hakuuachia.